Darasa Ambalo Mwanafunzi Hajui Atatoka Lini

Somo langu la kwanza gerezani nilikuwa nimelipanga kwa wiki 12. Nililipanga kama chuo cha ualimu kilivyonizoesha: malengo, zana, zoezi, tathmini. Wiki ya tatu nilipoingia, kati ya wanafunzi 19 nilioanza nao nilikuta sita. Wanne walikuwa wamepata dhamana, wawili kesi zao zimefutwa, watano wamehukumiwa na kuhamishiwa gereza la kilimo, na wawili karandinga lilikuwa limewachukua asubuhi ile kwenda mahakamani. Mbele yangu walikaa watu wanane wapya ambao hawakujua hata tulikuwa tunasoma nini. Afande aliyekuwa mlangoni akacheka. "Mwalimu, hapa si bweni."

Maneno yake yalinifumbua macho kuliko semina zote nilizohudhuria baadaye. Watu wakizungumzia elimu magerezani humfikiria mfungwa aliyepigwa mvua 30, mwenye muda hadi wa kusomea shahada. Yupo, na nitamfikia. Lakini gereza la wilaya au la mkoa huku kwetu Kusini mwa Tanzania limejaa watu wanaopita, na wanapita kwa ratiba ambayo hata mkuu wa gereza haijui. Kujitolea kufundisha hapo ni kazi ya namna yake. Kumsaidia mtu arudi kijijini kwake na kupokelewa ni kazi nyingine kabisa, ingawa kwenye maandiko ya miradi hizo mbili hufungwa kitita kimoja na kupewa bajeti moja.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukisoma habari za Marekani utakutana na majina mawili tofauti ya kile ambacho sisi tunakiita gereza. Kuna jela ya kaunti, ambayo kwa kawaida huwa chini ya sherifu, inayoshika wanaosubiri kesi na waliofungwa muda mfupi, mara nyingi usiozidi mwaka. Halafu kuna gereza la jimbo au la serikali kuu, la vifungo virefu. Programu nyingi za kujitolea zinazosifiwa huko zimegawanyika kwa mstari huo, na tafiti zake pia.

Kwetu mstari huo haupo kwenye majengo. Jeshi la Magereza, lililotenganishwa na Polisi mwaka 1931, linapokea wote. Lilungu pale Mtwara mjini, au Newala, au Nachingwea, utamkuta mahabusu ambaye kesi yake haijasikilizwa na mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa, wote nyuma ya ukuta mmoja, hata kama sheria inataka wasichanganywe kwenye malazi. Wenye vifungo vya kutosha huweza kuhamishiwa magereza ya kilimo, Namajani upande wa Masasi au Kingurungundwa upande wa Lindi. Vijana wengine hupelekwa mbali zaidi, hadi Wami Vijana kule Morogoro, ambako mama kutoka Tandahimba atamtembelea mwanawe labda mara moja, akiuza mbuzi.

Sasa angalia kinachotokea. Mahabusu ana muda lakini hana tarehe. Kisheria halazimishwi kufanya kazi kama mfungwa, zaidi ya usafi wa pale anapolala, kwa hiyo anakaa. Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, anarudi, siku 14 zinapita, inatajwa tena. Anaweza kukaa hivyo miezi mitatu au miaka mitatu, na wakati wowote jina lake linaweza kuitwa akatoka mbio, kitabu kikabaki kwenye mkeka. Mfungwa naye ana tarehe lakini hana muda. Asubuhi yuko shambani, kwenye tofali, kwenye kuni, au kwenye ujenzi wa nyumba za askari. Akirudi mchana na sare yake ya chungwa imeloa jasho, anachotaka ni ugali na kulala. Mwalimu wa kujitolea anayefika saa tisa alasiri na somo la sarufi anamkuta mtu anayesinzia.

Kuna na la kanuni, ambalo viongozi wa miradi hulikwepa. Mahabusu bado hana hatia. Huwezi "kumrekebisha" mtu ambaye mahakama haijasema amekosa nini. Kwa hiyo kila ratiba iliyoandikwa kwa lugha ya urekebishaji inamruka mahabusu, na huyo ndiye mwenye nafasi ya kusoma mchana kutwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka elimu itolewe kwa wafungwa wote wanaoweza kufaidika nayo, na kwa wasiojua kusoma na kwa vijana iwe ya lazima. Zinaongeza jambo ambalo naliona zito kuliko hilo la lazima: kadiri inavyowezekana elimu hiyo iungane na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee bila taabu alipoishia. Kuungana huko ndiko kunakotushinda.

Basi mtu afundishe nini mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuondoka kesho? Jibu langu baada ya kuanguka lile somo la wiki 12 lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: kila kipindi kiwe kizima chenyewe. Anayehudhuria mara moja tu atoke na kitu. Leo tunajifunza kuandika jina na kusaini. Leo tunasoma karatasi ya mahakama, tunatafuta namba ya kesi, tarehe na jina la mlalamikaji. Leo tunahesabu siku. Kipindi kijacho, aliyebaki atajenga juu ya hicho, na aliyefika jana hatajiona amechelewa gari.

Watu wazima wasiojua kusoma bado wapo, na wengine Kiswahili chenyewe wanakifuata kwa mbali, wamekulia Kimakonde au Kimakua. Hili linaniuma kidogo kwa sababu ya historia. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga kabla mwaka 1971 haujaisha, Masasi ilikuwa mojawapo. Wazee wa huko bado wanakumbuka madarasa chini ya miembe. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ingalipo. Njia za kumrudisha mtu shuleni zipo pia: MEMKWA kwa watoto waliokosa, MUKEJA kwa watu wazima, na mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, kwa anayetaka kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakuna haja ya kubuni mtaala mpya wa gerezani. Kinachotakiwa ni mtu wa kumshika mkono mwanafunzi kutoka darasa la ndani hadi darasa la nje, na karatasi inayoonyesha aliishia wapi.

Niwaonyeshe kipindi kimoja kwa karibu. Tulikuwa tunafanya hesabu, na kitabu chetu kilikuwa stakabadhi ya ghala, ile karatasi anayopewa mkulima akipeleka korosho ghalani, kwa sababu hakuna mtu wa Mtwara asiyeijua karatasi hiyo hata kama hawezi kuisoma. Kulikuwa na mzee mmoja, rika la baba yangu, wote tulimwita Babu. Maisha yake yote alikuwa ameweka dole gumba. Nikachora ubaoni kilo 386 za korosho, bei ya mnada tuliyoibuni 2,150, makato 230 kwa kilo. Tukatoa, tukapata 1,920. Tukazidisha polepole, wengine kwa vidole, wengine kwa mistari sakafuni. Ikafika 741,120.

"Na ukiuza kangomba?" akauliza Babu. Kangomba ni ule ununuzi wa pembeni, kabla ya mnada na nje ya chama cha msingi, unaopigwa marufuku kila msimu na unaorudi kila msimu, kwa sababu njaa haisubiri mnada. Nikasema tuseme shilingi elfu moja kwa kilo. 386,000. Tofauti 355,120. Nyuma kabisa kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, umekosea. Kangomba haipimwi kwa kilo. Kile kipimo chenyewe kinazidi kilo, kwa hiyo hasara ni zaidi ya hapo." Sikumuuliza amejuaje. Babu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mie nimeuza hivyo miaka kumi na mmoja." Akaomba chaki. Siku hiyo hatukufika kwenye zoezi la pili.

Sikumuuliza yule kijana kwa sababu hiyo ndiyo amri ya kwanza ya anayejitolea: usiulize mtu ameingilia nini. Kwa mfungwa ni heshima tu. Kwa mahabusu ni jambo la kisheria. Akikusimulia kesi yake ambayo bado iko mahakamani, umejigeuza kuwa mtu anayejua jambo, na mtu anayejua jambo anaweza kuitwa shahidi. Anayetaka kuzungumza juu ya kesi aelekezwe kwa wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria rasmi, na mara nyingi mtu mmoja wa aina hiyo akiingia gerezani siku moja kwa mwezi analeta nafuu kuliko walimu watano. Atamweleza mtu masharti ya dhamana yake, atampigia simu ndugu aliyedhani dhamana ni hela, na mtu anakwenda nyumbani. Nakiri kama mwalimu: kuna wanafunzi ambao msaada mkubwa kwao ni kutowahi kuwa wanafunzi wangu.

Amri nyingine ni za kawaida. Simu inabaki getini. Usibebe ujumbe, hata "msalimie mama tu". Sabuni, madaftari na taulo za kike kwa upande wa wanawake vinapitia kwa uongozi, haviingii mfukoni. Ruhusa huanza na barua kwa mkuu wa gereza, naye ataipeleka juu, na barua ikikaa miezi miwili usidhani umekataliwa. Usiahidi kazi, wakili wala msamaha. Na ukisema utakuja Jumanne, njoo Jumanne. Watu wa ndani wamezoea kuahidiwa na kusahauliwa, na mwalimu anayekosa wiki mbili bila taarifa huwa amewafundisha kitu pia.

Hilo la mwisho ndilo linalotuvunja huku. Wanaojitolea ni nani? Walimu wastaafu, mashehe na wachungaji, masista, wanafunzi wa vyuo, akina mama wa vikundi. Wote hao, ukiondoa wachache, wana mikorosho. Ikifika Oktoba, darasa linakufa, maana mwalimu yuko shambani anaokota, au yuko foleni ya ghala. Wanachuo nao hufunga chuo. Mwaka mmoja nilihesabu nikakuta tulifundisha miezi saba tu, na hakuna aliyekuwa mzembe. Ratiba ya kujitolea inayoandikwa bila kuangalia kalenda ya korosho ni hadithi. Siku hizi tunapanga wazi: Oktoba hadi Desemba hakuna darasa, kuna maktaba tu, sanduku la vitabu na mfungwa mmoja anayejua kusoma aliyepewa kazi ya kuwasomea wenzake jioni. Nisiseme uongo, miezi hiyo sanduku hufanya kazi vizuri kuliko sisi.

Upande wa ufundi mambo yana sura nyingine. Mfungwa wa muda mrefu hujifunza kazi kwa kuifanya: uashi, useremala, ushonaji, kulima kwa utaratibu. Jeshi la Magereza lina hata chuo cha ufundi Ruanda, Mbeya, kwa ajili hiyo. Tatizo la wengi wa huku ni kwamba ujuzi umo mikononi na karatasi haipo. Ametoka anajua kupanga tofali kuliko fundi wa mtaani, lakini akiulizwa alijifunzia wapi, jibu lenyewe linamfungia mlango. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: fundi anapimwa anachoweza kufanya, mapungufu yanajazwa, anapewa cheti. VETA iko Mtwara na iko Lindi. Kikundi cha kujitolea kinachoweza kuunganisha vitu hivyo viwili, mpimaji aje au fundi aende mara anapotoka, kimefanya jambo kubwa kuliko kununua cherehani tano na kupiga picha. Na cheti chenyewe kiandikwe kama vyeti vingine, bila neno gereza popote. Waajiri rasmi wengi wataomba hati ya tabia njema kutoka Polisi, na hapo yaliyopita yatajitokeza. Ndiyo maana kwa wengi njia ni kujiajiri, na kwa kujiajiri mteja anaangalia ukuta ulionyooka.

Niliahidi kumfikia yule msomi wa shahada. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni wa Susan Kigula wa Uganda. Alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002, akafungua kesi pamoja na wenzake 417, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima. Akiwa gereza la Luzira alisomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, na mwaka 2016 akatoka. Ni habari ya kweli na ya kutia moyo. Lakini igeuze uone upande wa pili: shule ya Luzira inafanya vizuri kwa sababu wanafunzi wake wapo, wamekaa miaka, na darasa la jana ndilo la leo. Kadiri kifungo kinavyokuwa kizito ndivyo mwanafunzi anavyokuwa wa uhakika. Gereza dogo la wilaya likijipima kwa Luzira litajiona limeshindwa kila mwaka, wakati lilikuwa na kazi tofauti.

Kuna pia ile asilimia. Kwenye kila andiko la mradi utaona imeandikwa kwamba elimu gerezani inapunguza kurudia uhalifu kwa asilimia 43. Chanzo chake ni uchambuzi wa taasisi ya RAND ya Marekani wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti nyingi kwa pamoja. Uchambuzi wenyewe ni mzuri. Usomaji wetu ndio mbovu. Ile 43 inapima uwiano wa wanaorudi kwa wasiorudi. Tuchukue watu 100 wasiosoma, tuseme 50 wanarudi na 50 hawarudi. Uwiano wao ni moja kwa moja. Upunguze kwa asilimia 43, unapata 0.57 kwa moja. Ukiirudisha kwenye watu 100, wanaorudi ni kama 36. Kutoka 50 hadi 36, yaani pungufu la watu 14 hivi katika mia. RAND wenyewe walilieleza kuwa pointi 13. Kuwaepusha watu 13 katika kila 100 kurudi ndani ni jambo la kujivunia. Ila mtu akimwambia mkuu wa wilaya "wanaorudi watapungua kwa nusu", mwakani ataulizwa wako wapi.

Zaidi ya hapo, takwimu hizo zimetoka kwenye magereza ya Marekani, kwa watu waliohukumiwa, na anayejiandikisha darasani huenda tayari ni yule aliyekwisha kuamua kubadilika. Mahabusu wa Newala aliyekaa darasani vipindi vinne hayumo mle. Kwa huyo ningependa tuhesabu vitu vidogo tunavyoviona kwa macho: wangapi wamejua kusaini, wangapi wamepata dhamana baada ya kueleweshwa, wangapi wametoka wakiwa na namba ya simu ya mtu mmoja anayewasubiri.

Tukija kwenye kutoka, watu hudhani gereza lina mlango mmoja. Iko mingi, na kila mmoja unampa anayejitolea muda tofauti wa kujiandaa.

Mlango wa kawaida ni wa theluthi. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi kwa kazi na nidhamu, isipokuwa wa maisha. Miaka mitatu inakuwa miwili. Tarehe inajulikana mapema, na huyu ndiye anayeandalika vizuri kuliko wote. Parole ipo kwa sheria ya mwaka 1994: awe na kifungo cha miaka minne au zaidi na ametumikia theluthi yake, na makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha hayaingii. Bodi hutaka kujua anakwenda kuishi wapi na kwa nani, swali ambalo mtu wa kujitolea anaweza kulifanyia kazi nje. Huduma kwa jamii, ya sheria ya mwaka 2002, ni kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu: mtu anafagia zahanati au anachimba msingi wa shule akilala kwake. Hapo kijiji kinamwona kila siku, na sijaona darasa la urekebishaji linalozidi hilo.

Dhamana na kufutiwa kesi ni milango ya ghafla. Na wa ghafla kuliko yote ni msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 nchi nzima. Tarehe 26 Aprili 2021 walisamehewa 5,001. Kwa familia ni sikukuu mbili kwa mpigo. Kwa anayepanga mapokezi ni mtihani, maana orodha inasomwa na watu wanatoka, na vijijini hakuna aliyejiandaa.

Tena tarehe yenyewe ina maana huku kuliko wanavyojua walio mbali. Anayetoka Aprili 26 anafika mvua zikielekea ukingoni. Mpunga na mahindi vinakomaa, ufuta unasubiri kuvunwa, na baada ya muda mfupi kuna vibarua vya kufyeka mikorosho na kuipuliza salfa, dawa yake. Mfukoni hamna kitu, lakini kazi ya mikono ipo. Anayetoka Desemba 9 anafika katikati ya malipo ya korosho. Mtwara kuchele kwelikweli, pikipiki mpya, muziki kila kona, marafiki wa zamani wanamnunulia. Kuokota kunaelekea kwisha, kwa hiyo hela inaonekana na kibarua hakuna. Nikipewa kuchagua siku ya kumpokea mtu ningechagua Aprili, na kama ni Desemba, wiki mbili za kwanza ningemweka mbali na senta.

Kuna mambo madogo ambayo aliyekaa nje hayaoni. Mtu aliyeingia kabla ya Januari 2020 aliacha laini ya simu iliyosajiliwa kwa mfumo wa zamani. Tarehe 20 mwezi huo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Akitoka hana namba, na bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hasajili nyingine, na bila laini hapokei hela, na bila hela haendi kufuatilia NIDA. Mtu mmoja wa kujitolea mwenye subira ya kukaa naye kwenye benchi la ofisi siku mbili anakata mzunguko huo. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU atoke na barua ya rufaa na jina la kituo, akaendelee na dozi huko. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10, inataka kikundi, na aliyetoka jana hana kikundi. Amtafute mwenye kikundi anayekubali kumdhamini kwa jina lake, na hapo tumerudi kwenye jambo ambalo hakuna ofisi inayolitoa: watu wa kukuamini.

Kwa wenyeji wa Kusini watu hao wana anwani. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mwenye neno juu ya kijana ni mjomba. Nimeona vikundi kutoka nje vikihangaika na baba mzazi, baba anaitikia kila kitu, na hakuna kinachotokea. Siku hizi, miezi miwili kabla ya tarehe ya theluthi, tunauliza swali moja: mjomba wako ni nani, anakaa wapi?

Mara nyingi unapofika kwa mjomba unakuta kilichokwama si aibu. Ni mikorosho. Kijana ameingia ndani ameacha shamba, mtu amelipalilia, amelipuliza, amevuna misimu mitatu. Anaporudi, nani mwenye mavuno? Mzee mmoja aliniambia barazani, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na bakuli la ming'oko, "Sina ugomvi na mpwa wangu, mwalimu. Nina ugomvi na salfa niliyonunua." Alikuwa na daftari. Mifuko, tarehe, bei, yote ameandika kwa mwandiko wa Masasi wa miaka ile. Tulikaa hadi adhuhuri. Mikorosho ilikuwa kumi na minne. Wakakubaliana mavuno ya msimu unaokuja yawe ya mjomba, alipe deni la salfa, na unaofuata yarudi kwa kijana, apulize mwenyewe.

Mwenyekiti akaandika, akafungua kile kidau cha wino, akakisogeza kwa kijana aweke dole. Kijana akaomba kalamu. Aliliandika jina lake polepole, herufi zikipanda kama zinakwenda Newala, akaruka moja katikati, akairudia juu kwa udogo. Mjomba akaivuta karatasi karibu na macho, akaisoma, akamuuliza mwenyekiti kama kuna nakala.